Maji Yakae

Jumatatu, 4 Machi
Kina 51.20.

Daftari la kituo halipendi maneno. Lina safu ya tarehe, safu ya saa, safu ya kina cha maji, na safu nyembamba ya "maelezo" ambayo haitoshi hata jina langu na la baba yangu. Kwa hiyo nimejitafutia daftari langu. Mvua imeanza, na nikikaa miezi mitatu humu kwenye chumba cha malango bila mtu wa kupiga naye soga, nitaanza kuzisalimia kuta.

Kazi yangu haihitaji maelezo marefu. Chumba hiki kipo juu kabisa ya ukuta wa bwawa. Chini ya miguu yangu kuna malango mawili ya chuma, na kila lango limeziba mdomo wa bomba kubwa ambalo mtu anaweza kutembea ndani yake bila kuinama. Nikibonyeza kitufe cha kijani, mota inanyanyua lango na maji yanateremka hatua mia nne hadi chumba cha mitambo kule bondeni, ambako mume wangu ni fundi. Nikibonyeza chekundu, lango linashuka. Mimi juu, yeye chini, katikati yetu maji na waya wa simu.

Mwenye simu ni msimamizi wa zamu. Kituo kizima kinamwita Mzee Yakae, kwa sababu hataki kusikia neno "fungua" wala "funga" likitajwa kazini. Kwake ni "maji yapite" na "maji yakae," hakuna lingine. Tena lazima urudie. Akisema "Namba moja, maji yapite," nami nijibu "Namba moja, maji yapite," naye amalizie, "Yapite." Ndipo nibonyeze. Mara tatu, kama vile ananiozesha. Miaka sita sasa.

Niliwahi kumuuliza kwa nini. Alisema, "Kwa sababu." Jibu lilikuwa hilo tu.

Jumatano, 6 Machi
51.65. Mvua kutwa.

Ijumaa, 8 Machi
52.40.

Mama mkwe amehamia kwetu mpaka mvua ziishe, paa lake linavuja. Jioni, tukinywa chai, aliniuliza kwa upole kabisa, "Eti mwanangu, mkishayatoa umeme hayo maji, wanaokaa huko chini wanakunywa nini? Makapi?"

Mume wangu alipaliwa na chai. Alipopata pumzi alimsogelea mama yake.

"Mama, ukipanda juu ya paa ukanimwagia ndoo ya maji kichwani, nitaumia?"

"Utaumia, na utakuwa umeyataka."

"Basi ndiyo hayo. Sisi badala ya kichwa changu tumeweka gurudumu lenye mapanga, kama feni. Maji yanatoka juu yamejaa kishindo, yanapiga mapanga, gurudumu linazunguka. Limeunganishwa na chuma kirefu kilichosimama, na juu ya chuma kile kuna sumaku kubwa. Sumaku zikizunguka katikati ya nyaya za shaba, umeme unatokea kwenye nyaya. Maji yakishapiga yanakwenda zake, yaleyale, hayajapungua hata kikombe."

"Kumbe yanachoka tu."

"Yanachoka tu, mama."

"Na bwawa likijaa?"

"Yanatoka juu zaidi. Yanapiga zaidi."

Mama mkwe aliridhika. Mimi nilimpenda sana mume wangu kwa dakika ile, na nimeandika ili nikumbuke siku atakaponiudhi.

Jumanne, 12 Machi
53.30.

Tumeletewa injinia mpya. Kijana, viatu safi, anapiga pasi hadi ovaroli. Lakini amepanda ngazi zote mia mbili na kumi na mbili kuja kuniona, jambo ambalo hakuna mkubwa aliyewahi kulifanya tangu niajiriwe. Amenipa mkono, ameniita dada, ameuliza lango lipi linasumbua. Akiwa hapa simu ikalia, akanisikiliza nikiimba "yapite" zangu na Mzee Yakae. Alicheka mpaka akavua kofia.

"Dada, hiki ni kituo cha umeme, si kisima."

Tumepata mtu.

Jumamosi, 16 Machi
54.10. Mtambo namba mbili umeanza kutetemeka. Mume wangu anasema panga moja la gurudumu limepata ufa. Itabidi maji yazuiwe, bomba likauke, aingie ndani ya konokono akalichomelee. Konokono ndilo jina letu la lile bomba linalojizungusha kulizunguka gurudumu. Tundu la kuingilia ni dogo. Lazima utangulize kichwa na mkono mmoja, kama mtu anayevaa shati linalombana.

Jumatatu, 18 Machi
54.85.

Leo kila ukuta una karatasi ya injinia. "Lugha ya kitaalamu itumike." Alituita akatufafanulia kwa utaratibu. Swichi ikifungwa, vyuma vyake vinagusana na umeme unapita. Swichi ikifunguliwa, vinaachana na umeme unakatika. Ndivyo inavyofundishwa, ndivyo tutakavyosema kuanzia leo, na habari ya kurudia mara tatu imekwisha.

Mzee Yakae aliisoma karatasi yote, akakunja miwani.

"Na lango, injinia?"

"Lango likifunguliwa maji yanapita, mzee. Hilo hata mtoto anajua."

"Kwa hiyo neno moja. Huku linapitisha, huku linakata."

"Mtaalamu hawezi kuchanganya."

Mimi nilicheka. Naandika kwamba nilicheka, tena kwa sauti, na mzee alinitazama.

Ijumaa, 22 Machi
56.00.

Maji ya namba mbili yamezuiwa. Swichi ya mota ya lango lake nimeishusha, tumeipiga kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwa Mzee Yakae. Mume wangu ameingia kwenye konokono.

Mchana nilipata mtu wa kunishikia zamu nikampelekea chakula. Nilimkuta Mzee Yakae kwenye kigoda kando ya tundu, simu ya ukutani karibu na sikio lake, kiganja cha mkono wa kulia kimelalia bomba. Hasomi, haongei, chai yake imepoa.

"Mzee, bomba lina homa?"

"Bado," alisema.

Mume wangu alitoa kichwa akiwa mweusi kama sufuria, akacheka, akarudi ndani. Anafanya hivi kila mtu akiwa ndani, mzee huyu. Iwe saa nzima, iwe saa tano mfululizo. Nilipanda ngazi nikijiambia kwamba uzee ni kazi.

Jumapili, 24 Machi
57.15.

Jumatatu, 25 Machi
57.70. Makao makuu wamepiga simu mara tatu. Mtambo mmoja hautoshi, miji inakatiwa umeme kwa zamu, hospitali wanalalamika, na sisi tumekalia maji mengi kuliko mwaka wowote. Kila anayepiga anauliza "lini," kana kwamba namba mbili iko mfukoni mwangu.

Jumanne, 26 Machi
58.20. Waya wa simu umelowa mahali fulani. Unakoroma. Lango namba mbili linalia upande wa kushoto, maji yanalisukuma. Nimeweka sikio kwenye chuma, kisha nikajuta.

Mume wangu amesema haipendi ile karatasi.

"Wewe na mzee wako," nikamwambia.

"Mimi ndiye ninayekuwa ndani."

"Na injinia ndiye aliyesoma."

Tumekula, kila mmoja na sahani yake. Mama mkwe anatutazama mmoja mmoja.

Jumatano, 27 Machi
58.50. Leo pia yuko ndani, hajamaliza.

Alhamisi, 28 Machi
58.85, saa mbili asubuhi.

Nitaandika yote kwa mpangilio leo hii hii, kwa sababu kesho nitaanza kujitetea na nitayaharibu.

Saa nne na nusu mume wangu alipiga simu. "Nimemaliza, mke wangu. Limeshikana. Natoka." Sauti ilikuwa ya mtu anayetaka kuoga na kulala. Baada ya muda injinia alipanda mwenyewe na ufunguo aliopewa na mzee, anahema. Alitoa kufuli, akapandisha swichi, taa ya kijani ikawaka. Akasema, "Dada, sasa subiri simu yangu. Nikisema fungua, unafungua." Akashuka.

Nilisubiri. Mvua ilikuwa inapiga kwenye bati. Makao makuu walipiga, nikawaambia dakika chache.

Saa tano na dakika kumi na mbili simu ililia. Waya ulikuwa unachemka kama mafuta ya kukaangia. Nilisikia sauti ya injinia, nikasikia "dada," nikasikia "fungua," ukaja mkoromo mrefu, nikasikia "lango namba mbili, sasa hivi."

Nikasema, "Sawa, injinia."

Sikurudia. Miaka sita nilirudia kila amri ya mtu mwingine, na hiyo moja nikaijibu "sawa" kama mtu aliyeagizwa chumvi.

Nilibonyeza kijani. Lango likapanda shubiri moja, ndivyo tunavyoanza ili bomba lijae taratibu. Nilisikia maji yakiingia kwenye bomba tupu, yakivuta hewa. Nikaandika saa kwenye daftari la kituo. Nilikuwa na furaha. Nilikuwa nawaza kwamba leo atakula akiwa amekaa mezani.

Simu ikalia tena. Nilipoinyanyua hakukuwa na dada wala nini. Ilikuwa sauti ya Mzee Yakae, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti.

"Yakae! Yakae! Yakae!"

Nilikipiga chekundu kwa ngumi. Lango likaanza kushuka, na halina haraka, lango lile, lina mwendo wake. Kwenye simu nikasikia mvumo unakuja, unakua, kisha chuma kikapiga chuma, kisha maji matupu. Niliita jina la mume wangu. Niliita mzee. Hakuna aliyejibu, na mkono wa simu nadhani ulikuwa unaning'inia tu.

Siruhusiwi kuondoka chumbani lango likiwa linatembea. Nilishusha swichi lango lilipogota, nikabaki nimesimama, kidole kwenye kitufe chekundu ambacho hakikuwa tena na kazi. Sijui ni dakika ngapi. Nilisoma karatasi ya ukutani mara nyingi.

Hatimaye injinia alishika simu. Alikuwa analia.

"Dada, nilisema swichi. Fungua swichi ya lango. Alirudi ndani, kuna mahali hakuridhika napo, alisema dakika tano tu. Nilisema ukate umeme."

"Yuko wapi?"

"Wamemtoa."

"Yuko hai?"

"Anatapika maji."

Mengine nimeyapata jioni kwa walinzi na wapaka grisi. Mume wangu aliporudi ndani, mzee alikalia kigoda chake tena akamwambia injinia, "Mpigie aliye juu. Mwambie maji yakae." Injinia alikwenda kwenye simu ya ofisi akayageuza maneno kuwa ya kitaalamu. Mzee akaweka kiganja kwenye bomba. Bomba lilipoanza kutetemeka aliingiza mkono wa kulia tunduni, akamshika mume wangu kifundo cha mkono, na kwa wa kushoto akanyakua simu. Maji yalifika mume wangu akiwa nusu ndani. Yalimrudisha kwenye mapanga, yakaupiga mfuniko wa chuma wa tundu, na mfuniko ukaangukia mkono wa mzee. Hakuachia. Wanasema walipoweza kuufikia mfuniko ilibidi wamfungue vidole kimoja kimoja, vile vilivyobaki vizima.

Ijumaa, 29 Machi
58.95.

Mbavu tatu na bega. Daktari anasema atapona. Vidole viwili vya mzee vimekatwa.

Injinia alipanda tena ngazi, viatu vimejaa tope. Daftari la kituo lilikuwa wazi mezani, na mbele ya saa tano na kumi na mbili safu ya maelezo ilikuwa tupu.

"Tuandike hitilafu ya simu," alisema. "Ni kweli pia, dada. Inatulinda wote wawili."

Ni kweli pia. Hilo ndilo lililonitisha. Nilishika kalamu nikaandika: "Nimenyanyua lango namba 2 mtu akiwa ndani. Amri sikuirudia." Hayakuenea, yakapanda ukingoni. Nikamsogezea. Nilidhani atachana ukurasa. Alisoma, akachukua kalamu akaandika chini yangu, kwa herufi ndogo: "Amri ilikuwa maji yakae. Niliibadilisha mimi." Akatia sahihi. Tangu jana nilikuwa nimeamua kumchukia, na sasa sina hakika ninaweza.

Jumamosi, 30 Machi
59.10.

Wamemrudisha nyumbani amefungwa bandeji kifuani. Mama mkwe alimlaza, akamfunika, akageuka.

"Nani aliyaachia hayo maji?"

Ningeweza kusema simu.

"Mimi, mama."

Alikaza kanga yake kiunoni. Kisha akasema, "Chakula chake nitapika mwenyewe," akaingia jikoni.

Jumapili, 31 Machi
59.20. Hajaniita mwanangu tangu jana.

Jumatatu, 1 Aprili
59.30. Mume wangu hazungumzi, ila "maji" akiwa na kiu na "asante" akishakunywa. Hajaniuliza lolote. Afadhali angenitukana. Leo jirani alibisha akasema "Nifungulieni," nami nikasimama mbele ya mlango mkono hewani mpaka akadhani hakuna mtu.

Jumatano, 3 Aprili
59.45.

Nimekwenda kumjulia hali Mzee Yakae. Alikuwa amekaa kitandani, mkono umefungwa, anajifunza kushika kijiko kwa kushoto. Nilianza kuomba radhi, nikalia tu. Aliniacha nilie.

"Nilikuwa na miaka thelathini na moja," alisema. "Kituo kingine. Mwenzangu alikuwa ndani ya konokono. Mkubwa wangu alipiga simu akasema, 'Funga, mtu yuko ndani.' Mimi ni mtu wa umeme. Nilifunga swichi, umeme ukapita, lango likapanda."

"Na yeye?"

"Hakukuwa na mtu wa kumshika mkono." Alirudisha kijiko kwenye bakuli. "Uliniuliza kwa nini, nikakwambia kwa sababu. Ndiyo hiyo sababu. Nilipaswa kukueleza siku ile. Niliona haya."

Nikiwa naondoka akasema, "Utarudi juu?"

"Sijui, mzee."

"Rudi. Nani atairudia amri vizuri kukushinda wewe sasa?"

Jumatatu, 8 Aprili
59.70.

Karatasi zimebanduliwa kuta zote. Injinia amezibandua mwenyewe. Fundi kutoka kituo jirani aliingia kwenye konokono kukagua, ufunguo wa kufuli ulikuwa shingoni mwa injinia, na injinia mwenyewe alikalia kigoda saa mbili, kiganja kwenye bomba. Fundi alipotoka, simu ikalia.

"Namba mbili, maji yapite."

"Mtu yuko wapi?" niliuliza, swali ambalo halimo kwenye utaratibu.

"Amesimama hapa mbele yangu. Ongea naye."

Nilimsikia fundi akisema niko hapa, mama, na nimelowa. Nikamwambia injinia, "Namba mbili, maji yapite."

"Yapite."

Nilibonyeza. Bomba likajaa, nikangoja, hakuna aliyepiga kelele. Baada ya nusu saa taa ya chumba changu, ambayo kwa zaidi ya wiki mbili ilikuwa ya manjano na dhaifu, ikapata nguvu. Nilikaa sakafuni.

Jumatano, 10 Aprili
59.40. Yameanza kushuka. Mama mkwe ameniachia jiko. "Mwanao mkubwa ana njaa," alisema, maana yake mume wangu. Nilipika nikaunguza.

Ijumaa, 12 Aprili
58.90.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Mume wangu alijiinua mwenyewe kwa mara ya kwanza, akafika hadi dirishani, akaushika ukingo kwa mkono mzima. Chumba kilikuwa kinanuka dawa na jasho la wiki mbili. Nilikuwa mlangoni na beseni la nguo. Aliangalia komeo, ambalo lilitaka mikono miwili, akaniangalia mimi. Niliona mdomo wake ukianza kutamka lile neno, nikaona akilimeza.

"Hewa ipite," alisema.

Kwanza sikuelewa. Alisubiri, na sura yake haikuwa na mzaha. Niliweka beseni chini.

"Hewa ipite," nikajibu.

"Ipite."

Nikafungua dirisha.